Little Simz anajisimamia kweli, au ni maneno ya mashabiki tu?

BintiTanga anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nina mdogo wangu wa kike mwenye miaka 21, yuko mwaka wa pili chuoni, na anaghani tangu akiwa kidato cha tatu. Mwezi uliopita aliletewa mkataba na lebo moja ambayo sitaitaja, kurasa 14, nikausoma mimi kwa sababu yeye alichoka kabla hajafika ukurasa wa nne. Humo ndani niliona kwamba kila wimbo atakaourekodi kwa muda wa miaka 7 utakuwa mali ya lebo moja kwa moja, na kwamba gharama za studio, video, mavazi na hata nauli zitakatwa kwenye mapato yake kabla yeye hajashika shilingi. Amekataa kutia saini. Nilipomuuliza atasongaje mbele bila mtu wa kumshika mkono, alinijibu bila wasiwasi wowote: "Dada, Little Simz hana lebo, na Mercury ameichukua." Mercury ni tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Uingereza na Ireland.

Nimejaribu kumsoma huyo Little Simz, rapa wa kike wa Uingereza, nami nimechanganyikiwa. Upande mmoja naona tuzo na majukwaa makubwa. Upande mwingine naona kwamba mwaka 2022, katika kipindi kilekile cha sifa zake, alifuta ziara ya Marekani kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuigharimia. Mambo haya mawili hayaingiani kichwani mwangu. Naomba mwenye kumfahamu vizuri anieleze: je, ni kweli anajisimamia mwenyewe? Alikuwa anakula nini miaka ile ambayo hakuna aliyemjua? Na je, mdogo wangu anaiga mfano unaoigika?

Mkoba wa Santuri anajibu:

Dada, nimemfuatilia tangu mwaka 2015, kwa hiyo niruhusu nianzie mbali kidogo, maana jibu la swali lako la pili limo katika miaka ambayo wengi huiruka.

Jina lake kamili ni Simbiatu Abisola Abiola Ajikawo, amezaliwa tarehe 23 Februari 1994 huko Islington, kaskazini mwa London, na wazazi wake ni Wayoruba kutoka Nigeria. Kuandika mistari alianza akiwa mtoto wa shule ya msingi, na mahali palipomlea kisanaa hapakuwa studio wala lebo, bali kituo cha vijana cha St Mary's hapo hapo Islington, kituo ambacho waimbaji Leona Lewis na Alexandra Burke nao walipitia. Hili ni jambo ninalopenda kulikazia kwa sababu neno "huru" huwafanya watu wadhani kwamba msanii aliibuka peke yake kama uyoga. Hakuibuka peke yake. Alipata ukumbi, walimu na jukwaa la bure katika umri ambao mtoto hana hata nauli.

Kuhusu chakula: aliigiza. Mwaka 2010, akiwa na miaka 16, alikuwa katika tamthilia ya watoto ya BBC iitwayo Spirit Warriors, na mwaka 2013 akawa miongoni mwa waigizaji wa Youngers katika kituo cha E4. Wakati huohuo alikuwa akitoa miksitepu (mikusanyiko ya nyimbo isiyo albamu rasmi) bila kumsubiri mtu: Stratosphere mwaka 2010, kisha nyingine zikafuata hadi Blank Canvas ya mwaka 2013, ambayo ilizinduliwa kupitia tovuti ya Jay-Z. Alijiunga na chuo kikuu, akaacha masomo ili afanye muziki. (Mwambie mdogo wako asilichukue hili kama ushauri, nimelitaja kwa kuwa ni sehemu ya habari yake.)

Albamu yake ya kwanza, A Curious Tale of Trials + Persons, ilitoka Septemba 2015 chini ya lebo yake mwenyewe, Age 101 Music. Alikuwa na miaka 21, sawa na mdogo wako. Ya pili, Stillness in Wonderland, ikafuata Desemba 2016. Hebu tuseme ukweli: albamu hizo mbili zilisifiwa na wanaojua mashairi, na rapa wa Marekani Kendrick Lamar alimsifu hadharani, lakini hazikumtoa katika kundi la wasanii wanaoheshimiwa na kununuliwa na wachache. Mwaka 2017 alizunguka na bendi ya Gorillaz akiwafungulia maonyesho yao, akaona viwanja vikubwa kwa macho yake ilhali yeye bado ni mtu wa kumbi ndogo.

Mabadiliko yalikuja na Grey Area, Machi 2019. Ina nyimbo 10 tu, haifiki hata dakika 40, na midundo yake ilisimamiwa na prodyuza Inflo, mtu aliyefahamiana naye tangu utotoni. Besi nzito, ngoma za kupigwa kwa mkono, hakuna urembo usiohitajika. Iliteuliwa kuwania Mercury mwaka huo, ikashindwa na albamu ya rapa Dave. Kisha Septemba 2021 ikaja Sometimes I Might Be Introvert, na hiyo ndiyo iliyoitwaa Mercury tarehe 18 Oktoba 2022. Hafla yenyewe ilikuwa imesogezwa kutoka Septemba kwa sababu ya kifo cha Malkia Elizabeth.

Kati ya hapo, Februari 2022, Waingereza walimpa tuzo ya Brit ya msanii mpya bora. Msanii mpya! Miaka 12 baada ya miksitepu ya kwanza, akiwa na albamu nne mkononi. Alipanda jukwaani kuipokea pamoja na mama yake mzazi.

Kipaza Sauti anajibu:

Mimi nitashika swali la ziara, kwa kuwa nimefanya kazi ya mitambo ya sauti kwenye maonyesho kwa miaka 11, Mombasa na Nairobi, na hesabu zile nazijua hata nikiwa usingizini.

Ziara ile ilikuwa ipigwe Mei 2022. Mwezi Aprili alitoa taarifa kwamba hataweza kuifanya, na hakuficha sababu: yeye ni msanii anayejitegemea, kila kitu cha maonyesho hulipwa kutoka mfukoni mwake, na mwezi mmoja Marekani ungemwacha na hasara kubwa. Watu walishangaa kama ulivyoshangaa wewe, dada, kwa sababu wanahesabu tiketi tu. Msanii akitoka nje na bendi, kuna wapiga vyombo ambao wanalipwa hata siku ambazo hakuna onyesho, kuna fundi sauti, fundi taa, meneja wa safari, basi la kulala, hoteli, bima, wiki za mazoezi kabla ya kuondoka, na kwa Mwingereza anayekwenda Marekani kufanya kazi kuna viza za kila mmoja wao, ambazo huombwa mapema na hulipiwa iwe ziara itafanyika au la. Fedha hizi zote hutoka kabla tiketi ya kwanza haijachanwa mlangoni.

Ndiyo maana msanii aliye chini ya lebo kubwa huonekana tajiri zaidi hata akiwa na mashabiki wachache. Lebo hutanguliza fedha za ziara, kisha huzikata taratibu kwenye mapato yake, pengine kwa miaka. Simz angeweza kwenda na kompyuta na mtu mmoja wa kubonyeza midundo, gharama zingeshuka sana. Hakutaka. Albamu ile ina kwaya na vinanda vya okestra, na kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kukataa kuwapelekea watu kivuli chake. Lakini haki hiyo alilazimika kuilipia yeye, kwa kukosa soko la Marekani katika mwaka ambao jina lake lilikuwa la moto kuliko wakati wowote.

Tuzo ya Mercury, kwa taarifa yako, ilikuja na pauni 25,000. Kwa ziara ya ukubwa ule hizo ni fedha za kuanzia mazungumzo.

Karani wa Mikataba anajibu:

Waliotangulia wameeleza vizuri, ila naona neno "huru" linatumiwa kwa ulegevu, na kwa kuwa dada ana mkataba mezani ni vyema tukalichambua.

Kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya: nani anamiliki rekodi, na nani anazipeleka sokoni. Katika mkataba kama ule ulioletwa kwa mdogo wako, lebo inafanya yote mawili na inabaki na mali. Simz alitenganisha. Rekodi zake za Age 101 ni za kampuni yake, halafu kazi ya kuzisambaza kwenye majukwaa ya kusikiliza na madukani aliipa kampuni ya AWAL, ambayo hulipwa sehemu ya mapato bila kuuziwa nyimbo. Kwa hiyo anayesema kwamba "hana mtu nyuma yake" anakosea. Ana watu, lakini anawaajiri yeye.

Sasa hapa pana kitu ambacho mashabiki hawapendi kukisikia. Mwaka 2021 Sony ilitangaza kuinunua AWAL kwa dola milioni 430, na mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikauridhia ununuzi huo mwaka uliofuata. Maana yake ni kwamba albamu iliyoshangiliwa kama ushindi wa wasanii wanaojitegemea ilifika masokoni kupitia mlango ambao mwenye nyumba wake sasa ni mmoja wa vigogo watatu wa muziki duniani. Binafsi sioni kwamba hilo linamwondolea uhuru, maana hati ya umiliki ndiyo inayoamua, si lori lililobeba mzigo. Wengine hawakubaliani nami na nawaelewa.

Jambo jingine: albamu iliyofuata, No Thank You ya Desemba 2022, haikutoka chini ya Age 101 bali chini ya Forever Living Originals, lebo ya prodyuza wake Inflo, pamoja na AWAL hiyohiyo. Albamu ile inazungumzia kwa uchungu jinsi biashara ya muziki inavyowatumia wasanii. Liwekeni akilini jambo hilo, maana naona mtu atalifikia.

Mwanaisha wa Mji Mkongwe anajibu:

Shikamooni wakubwa, nami nichangie kidogo. Kuna mahali pengine nimesoma mtu akiandika kwamba Little Simz ndiye rapa wa kwanza wa kike kutwaa Mercury, nikaona nilisahihishe humu kabla halijaingia. Ms. Dynamite aliitwaa mwaka 2002 na Speech Debelle akaitwaa mwaka 2009. Huyo wa pili ni somo tosha kwa mdogo wa BintiTanga: alishinda akiwa na lebo ndogo inayojitegemea, mauzo hayakupanda ilivyotarajiwa, na haikuchukua muda akaachana na lebo hiyo akilalamika hadharani kwamba rekodi zake hazikupatikana madukani wakati watu walipozitaka. Tuzo ileile, lakini Debelle alikuwa akimsubiri mwingine apakie mzigo, na Simz alikuwa amejiandaa kwa miaka 12 na mashabiki wake anawajua kwa majina, kama tusemavyo.

Nimesikitika kidogo kwamba mnazungumza fedha tu kana kwamba mistari haipo. Mashabiki wale hawakumfuata kwa sababu ana kampuni. Katika Sometimes I Might Be Introvert kuna wimbo I Love You, I Hate You, ambamo anamzungumzia baba yake aliyeondoka, na hamtukani wala hamsamehi. Anabaki katikati, akigeuzageuza maneno hayo mawili mpaka msikilizaji naye hajui aegemee wapi. Katika Little Q anachukua sauti ya binamu yake aliyechomwa kisu, anasimulia kwa nafsi ya kwanza, halafu anafika hata kumtazama yule aliyechoma kama mtoto mwingine aliyekosa malezi. Mtu wa lebo angemwambia afupishe, aweke kiitikio cha kuchezeka. Albamu nzima ina vipande 19 na inazidi saa moja. Uhuru wake mimi nauona hapo kuliko kwenye karatasi.

Halafu jina lenyewe. Herufi za mwanzo za maneno yale matano zinaunda Simbi, jina analoitwa na watu wake. Sisi wa pwani tukisikia simbi tunafikiria kauri, ambazo zamani zilikuwa fedha. Najua si maana ya Kiyoruba, lakini huwa natabasamu.

Na katika Grey Area, wimbo wa mwisho, Flowers, ameimba na Michael Kiwanuka, Mwingereza ambaye wazazi wake ni Waganda. Tafuteni huo kwanza kama hamjawahi kumsikiliza.

BintiTanga anajibu:

Nawashukuru wote. Nimempa mdogo wangu simu asome mwenyewe, amekaa nayo saa nzima. Amecheka mahali pa "msanii mpya", kisha akanyamaza mahali pa ziara. Ameniomba niulize: je, aliwahi kutaka kuacha? Na huyo Karani amesema tuweke akilini habari ya lebo ya prodyuza, sasa tumeiweka, tunasubiri.

Mkoba wa Santuri anajibu:

Ndiyo, na hakulificha. Mwanzoni mwa mwaka 2020, dunia ilipofungwa kwa sababu ya korona, alijifungia nyumbani akarekodi mwenyewe kazi fupi iliyoitwa Drop 6, ikatoka Mei mwaka huo, na alieleza wazi kwamba alikuwa amefika mahali pa kukata tamaa wakati wa kuitengeneza. Usisahau pia kwamba katika miaka hiyo alikuwa na mshahara mwingine: tangu 2019 hadi 2023 aliigiza kama Shelley katika tamthilia ya Top Boy iliyorushwa na Netflix. Mimi naamini, ingawa siwezi kuapa, kwamba kazi ile ilimpa nguvu ya kukataa mikataba mibaya. Mwenye chakula jikoni husoma mkataba kwa utulivu.

Karani wa Mikataba anajibu:

Nililoahidi ni hili. Januari 2025 iliripotiwa kwamba Simz amemfungulia Inflo kesi katika Mahakama Kuu mjini London, akidai kwamba alimkopesha fedha zinazofikia pauni milioni 1.7 ambazo hazijarudishwa, na kwamba pengo hilo lilimfanya ashindwe kulipa kodi yake. Nasisitiza kwamba hayo ni madai ya upande mmoja. Sehemu kubwa ya fedha hizo, kwa mujibu wa madai, ilihusu onyesho la kundi la Inflo liitwalo SAULT, lililofanyika London Desemba 2023.

Tazama basi: huyu ni mtu aliyekwepa lebo kubwa zote, akalinda rekodi zake kwa miaka 10, na mgogoro mkubwa kuliko yote ukamfika kutoka kwa mtu aliyekua naye mtaa mmoja, aliyemtengenezea albamu tatu zilizompa jina. Kwa rafiki hakuna anayekaa chini na wakili.

Albamu iliyofuata, Lotus, ilitoka Juni 2025. Prodyuza ni mwingine, Miles Clinton James, na wimbo wa kwanza unaitwa Thief. Hamtaji mtu.

Kipaza Sauti anajibu:

Niongeze moja la upande wangu ili tusimwache dada na picha ya mkosi mtupu. Juni 2024 Simz alipanda jukwaa kubwa kabisa la tamasha la Glastonbury huko Uingereza, Pyramid, usiku wa Jumamosi, akiwatangulia bendi ya Coldplay. Nililitazama onyesho lile kwa jicho la fundi. Jukwaa lile ni pana mno, na nimeona bendi kubwa zikilijaza vyombo na bado likabaki wazi. Yeye alisimama sehemu kubwa ya muda akiwa peke yake, na hakuna aliyegeuza macho pembeni. Mwaka mmoja baadaye alipewa kazi ya kupanga tamasha la Meltdown pale Southbank Centre, London, yaani yeye ndiye aliyechagua wasanii wa kualikwa. Kwa hiyo ziara iliyokufa mwaka 2022 haikumzika. Ilimchelewesha.

BintiTanga anajibu:

Nimepokea yote. Jana jioni tulikaa na mkataba tena, safari hii tukiwa na kalamu. Tumekubaliana kwamba hatukatai moja kwa moja. Tutawaandikia lebo tuombe rekodi zirudi kwake baada ya muda fulani, na kila gharama itakayokatwa iwe imeidhinishwa naye kwa maandishi kabla ya kutumika. Wakikataa, ataendelea kutoa nyimbo mwenyewe huku akimalizia shahada, na mimi nimekubali kulipia studio mara mbili kwa mwaka, si zaidi, na nimemwambia hivyo mbele ya mama.

Kisha nikamuuliza, kwa sababu ya habari ya Inflo, nyimbo sita alizokwisha kurekodi midundo yake ni ya nani. Akasema ni ya rafiki yake wa hosteli, kijana mzuri tu, na hawajaandikiana chochote. Kesho kijana huyo anakuja kula chakula cha mchana nyumbani, na karatasi itakuwa mezani pamoja na wali.